Nahodha Mwenye Mashua Uani

Mtu akiniambia Songea hakuna nahodha wa bahari, namcheka mpaka kanga inanidondoka. Sisi wa Msamala tunaye. Na mashua yake tulikuwa nayo, imekaa uani kwake juu ya magogo, pua imeelekea barabarani kama ng'ombe anayengoja kufunguliwa. Bahari yenyewe iko Mtwara, unapanda basi alfajiri unashuka jioni miguu imevimba. Lakini mashua ilikuwa hapa hapa, kati ya choo cha jirani na migomba yangu, na kamba yangu ya kuanikia nguo ncha moja niliifunga kwenye pua yake.

Jina lake nalijua, silisemi. Hata yeye ukimwita kwa jina anachelewa kugeuka. Wote tunamwita Nahodha, wakubwa kwa wadogo. Kwao ni Namasakata kule Tunduru, na habari za ukoo wake muulizeni mwenyewe. Mimi naandika nilichokiona nikichungulia juu ya ukuta wa matofali mabichi unaotenganisha ua wangu na wake. Mvua imeula ule ukuta mpaka umebaki kunifika kifuani. Kifuani panatosha, mtu anaegemea vizuri.

Kwanza mjue mashua ilivyopanda huku juu. Nahodha alioa Mngoni, shoga yangu Mama Zaituni, akakaa naye pwani mpaka wakazeeka. Miguu ya Mama Zaituni ilipoanza kuvimba akarudi kwao Songea, na mume akamfuata. Lakini kila kiangazi aliondoka kwenda Mtwara kukarabati mashua yake kwa ajili ya safari nyingine ya kuvuka bahari mpaka Ngazija. Mwaka mmoja akarudi akamkuta mkewe ameanguka mlangoni tangu asubuhi, hakuna aliyejua. Siku ile alikaa kwenye kigoda, akasema, "Basi. Mimi siendi tena kwenye mashua. Mashua itakuja kwangu."

Tukadhani ni uchungu unasema. Kumbe yale malori yanayopeleka makaa ya mawe Mtwara yanarudi matupu. Jumapili moja tunatoka misa ya pili, tunaona lori linapanda na mashua mgongoni, nyeusi kwa vumbi la makaa, watoto wanaikimbilia. Shemeji yangu Kastori, mdogo wake marehemu mume wangu, mfuga nguruwe, akapaza sauti mbele ya kanisa zima: "Wangoni, tubuni! Nuhu amefika, ila wanyama kawasahau!"

Nahodha akajibu kutoka juu ya lori, "Nimekuja kuwachukua hapa. Nianze na wewe!"

Wao ni Wayao, sisi Wangoni, ni watani. Mtani anakutukana mpaka mama yako na unamcheka, ndiyo desturi. Pasipo huo utani hii mashua isingefika popote, mtaona.

Ila jambo moja hakulifikiria Nahodha, wala sisi, wala dereva. Malori yanapanda matupu lakini yanashuka yamejaa. Mashua ikapakuliwa, watu wakala ubwabwa, ndipo mtu mmoja akauliza, "Na kushuka itashukaje?" Nahodha akatafuna, akameza, akasema, "Kupanda imepanda." Na kweli ikakaa.

Sasa safari yenyewe. Binti yao Zaituni ameolewa huko Ngazija. Mumewe alikuwa na mashua, ikapasuka kwenye mwamba, na tangu hapo akawa kibarua kwenye vyombo vya watu, leo anachukuliwa kesho anaachwa. Nahodha alikuwa amewaahidi: mashua yangu itakuwa yenu, nami nitaileta mwenyewe. Mwenyewe! Mzee amepita sabini. Mama Zaituni akamwambia, mbona usimtume mtu aipeleke? Akajibu, "Wewe ulipokuwa unaolewa, baba yako alimtuma mtu?"

Basi akaanza kuikarabati. Miaka ikapita, anakarabati.

Ukitaka kumjua mtu mtazame akifanya kazi peke yake. Nahodha alikuwa anaigonga mashua kwa kifundo cha kidole, ubao mmoja mmoja, sikio ameliweka karibu kama mkunga. Ubao mzima unajibu, aliniambia, uliooza unanyamaza. Akigonga akaridhika anasema, "Ehee, sawa mama." Akigonga asiporidhika anasema, "Wewe unanificha kitu." Mimi nilikuwa napika mandazi yangu upande huu nasikia mzee anagombana na mbao, nasema moyoni, Mama Zaituni ana mke mwenza wa mninga.

Kati ya ubao na ubao alikuwa anashindilia pamba iliyolowa mafuta, kwa patasi na nyundo, tok tok tok kuanzia asubuhi. Hiyo wanaita kalafati. Kuku wangu waliizoea ile sauti, siku akiumwa hawatagi. Kazi ya kalafati haikuisha kwa sababu ya hali yetu ya hewa. Mashua imezoea unyevu wa chumvi. Huku kwetu kiangazi kikishika, midomo inapasuka, na mbao nazo zinasinyaa, pamba inachungulia nje kama shati lililotoka kwenye suruali. Kwa hiyo ilibidi kuinywesha. Kila asubuhi aliyeyusha chumvi kwenye ndoo, akaizunguka akiimwagia.

Mama mmoja wa nyumba ya nyuma akaenda kwa mjumbe wa mtaa kushitaki. "Yule mzee kila alfajiri ananyunyiza dawa huku ananong'ona. Mimba yangu imetoka kwa sababu gani?" Mjumbe akaja na kofia yake. Nahodha akamsikiliza mpaka mwisho, akampa ndoo. "Mjumbe, onja." Mjumbe akachovya kidole akaonja. "Chumvi." "Haya, nisaidie upande ule, mimi mgongo unauma." Mjumbe wa mtaa akamwagia mashua maji mpaka saa tatu. Yule mama hakumsalimia Nahodha tangu siku hiyo, na Nahodha naye alimsalimia kila siku kwa sauti kubwa zaidi.

Mnaweza kudhani mtu aliyevuka bahari haogopi kitu. Nahodha anaogopa bodaboda. Hapandi, hata mvua inyeshe mawe. Kwenda sokoni anatembea, kurudi anatembea na kichwani ana mzigo. Siku moja mjukuu wangu mwenye pikipiki alisimama akamwambia, "Shikamoo babu, panda nikufikishe, bure." Nahodha akarudi nyuma mpaka mtaroni. "Marahaba mjukuu wangu. Hicho chombo chako kina usukani?" "Kinao." "Kina nanga?" "Hakina, babu." "Nenda salama."

Na baridi! Mwezi wa sita na wa saba Songea inabana, hilo nakubali, lakini sisi tunavaa sweta tunaendelea. Yeye alivaa makoti mawili, kofia ya sufu, juu yake kanga ya mkewe, na bado meno yanagongana. Aliniuliza, "Mtani, babu zenu walitembea kutoka kusini kote huko, wakapita nchi nzuri zenye joto, wakaja kukaa kwenye jokofu. Waliona nini?" Nikamwambia, "Waliona Wayao wamekaa kwenye joto, wakakimbia."

Chakula vilevile. Samaki wa Ziwa Nyasa aliwadharau mpaka akakufuru. Alisema samaki asiyejua chumvi ni mboga ya majani yenye macho. Halafu nikikaanga dagaa wa Nyasa na nyanya, anakuja ukutani, haombi, anasimama tu anazungumza habari za hali ya hewa. Nampa sahani. Anakula yote, analamba kidole, anasema, "Hawana ladha." Miaka yote, sahani tupu, hawana ladha.

Sala tano hazikumpita, na kwenye sala alikuwa mtulivu kama maji ya mtungi. Lakini mpange foleni ya bombani umwone. Bomba la mtaa wetu kiangazi linatoa maji kwa mgao, na mtu aliyeniambia kuwa aliwahi kukaa baharini siku tatu bila upepo, hakuweza kukaa nyuma ya wanawake sita wenye ndoo. Alikuwa anatoa ushauri. "Weka ndoo ya pili tayari! Geuza koki! Unamwaga!" Mwisho tulikubaliana mimi nichote yake, yeye akae nyumbani, bomba lipumzike.

Jambo moja alilolifanya sijaona mume mwingine amelifanya. Daktari alimwambia Mama Zaituni atembee, miguu isife. Mama Zaituni hataki, anaona haya kuyumba njiani watu wanamtazama. Nahodha akampeleka kwenye mashua. "Shika hapa ubavuni, zunguka. Ukichoka egemea, haiendi popote." Kila jioni kabla ya magharibi nilikuwa namwona shoga yangu anaizunguka ile mashua taratibu, mkono kwenye mbao, na mume upande wa pili anaendelea na nyundo yake, haangalii, lakini akisikia hatua zimesimama naye anasimamisha nyundo.

Sasa nisiwe mwongo, tulianza kusema hatakwenda. Kila mara kulikuwa na bado. Usukani bado. Tanga bado. Akimaliza kulia, kushoto kumesinyaa. Zaituni akipiga simu tunasikia upande huu, "Baba, lini?" naye, "Karibu, mwanangu, karibu." Mama Zaituni aliniambia siku moja tunachambua maharage, "Haogopi bahari. Anaogopa akishuka kwenye ile mashua kule, hatapanda nyingine tena. Ndiyo maana haimalizi."

Nikasema, "Mwambie basi."

"Nimwambie nini? Kwamba amezeeka? Ana kioo."

Halafu mwaka jana Zaituni akapiga simu akiwa analia. Mumewe amepata kazi ya meli ya mbali, ya kukaa nje mwaka na zaidi, na kama mashua haiji atakwenda, maana watoto hawali ahadi. Nahodha alikata simu akasimama katikati ya ua. Siku iliyofuata akaenda kuwatafuta wenye malori, na akili ikamjia ambayo ingemjia miaka mitano nyuma: msimu wa korosho. Malori yanatoka Songea matupu kwenda Tunduru kuchukua korosho, yanaendelea Mtwara. Mashua ipande Songea, korosho zipakiwe humo humo ndani Tunduru. Dereva akakubali, atakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Nahodha akaenda Mtwara upesi kutafuta mabaharia na kuweka sawa karatasi za bandarini. Akaacha maagizo kwa mkewe: mafundi wawili watakuja, wachemshe mafuta ya mnyama na chokaa, waipake mashua chini yote. Ile dawa wanaiita deheni, inazuia maji na wadudu wa baharini. Kule pwani wanatumia mafuta ya papa. Huku papa tutamtoa wapi?

Mimi wakati huo nilikuwa Peramiho kwa dada yangu, aliyepata mjukuu. Laiti ningekuwepo. Kastori alisikia mafundi wanaulizia mafuta ya mnyama. Kastori ana moyo, hilo tusimnyime. Hakuuliza, hakungoja kuombwa, alileta madebe mawili yamejaa, meupe kama mawingu, na akapaka kwa mkono wake mwenyewe. Mama Zaituni alitazama kutoka kitandani kupitia dirishani, akadhani yametoka buchani, akashukuru.

Nahodha alirudi Alhamisi. Nami nilikuwa nimeshuka asubuhi ile, niko ukutani pangu. Akaingia na mfuko wa misumari, akaiona mashua nyeupe pee. Uso wake wote ukafunguka. Akapitisha kidole, akanusa.

"Kazi nzuri hii," alisema. "Ng'ombe huyu alinona."

Kastori akatoa kifua. "Ng'ombe gani ana mafuta meupe hivyo, mtani? Wa kwangu huyo. Nimechinja mwenyewe. Dume, nimelikuza kwa pumba na mashudu."

"Dume la mbuzi?"

"Mbuzi?" Kastori akacheka. "Mimi nimefuga mbuzi lini?"

Nahodha akabaki na kile kidole hewani. Akakitazama kama si chake. Mimi nikasema, "Yesu na Maria." Kastori akatuangalia mmoja mmoja, na hapo ndipo ilipomwingia.

"Lakini si ya kula!" alisema. "Ni ya kupaka! Ubao unakula?"

Nahodha akaenda bombani, akanawa na udongo, akanawa tena na tena, akaingia ndani akafunga mlango.

Jamani, ile ilikuwa mbaya. Mabaharia aliowapata Mtwara ni Waislamu wote, hakuna ambaye angeweka mguu humo. Lori linakuja keshokutwa. Na Mama Zaituni alitoka akaja ukutani, amejishika, akaniambia kwa sauti ndogo, "Akinyamaza hivi anatafuta sababu ya kubaki. Na leo Kastori amempa sababu nzuri kuliko zote." Kastori alikaa chini kwenye magogo, mtu mzima, analia kamasi.

Baada ya alasiri mlango ukafunguka. Nahodha akatoka na makoti yake mawili, joto lile la mwezi wa kumi. Akasimama mbele ya Kastori.

"Simama. Ungekuwa mtu mwingine, leo tungepelekana kwa mjumbe. Lakini wewe ni mtani wangu, na mtani hashitakiwi. Mtani anatozwa faini."

Kastori akafuta pua. "Toza."

"Utakwangua hayo mafuta mpaka ubao ukuonee aibu. Wewe, na mkeo, na kila aliyekula nyama ya huyo mnyama wako."

Sasa hapo ndipo mtaa ulipoingia mashakani, maana ile nyama tulikula wengi. Kastori akichinja anagawa mpaka kwa walinzi. Watu wakaanza kutazamana. Mjumbe akasema yeye alionja tu. "Kuonja ndiyo desturi yako," Nahodha akamwambia, "chukua panga." Mimi nilikuwa nimewekewa kipande kwenye sufuria, sijakigusa bado. Nikahesabiwa.

Ijumaa tangu mapambazuko tulikuwa pale. Wenye majembe yaliyolika, wenye vipande vya chupa, wenye visu vya jikoni, jumuiya nzima ya Mtakatifu fulani imepiga magoti inakwangua mafuta ya nguruwe kwenye chombo cha Mwislamu. Kila aliyechoka Nahodha alimwambia, "Ulipokuwa unatafuna hukuchoka." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kukwangua kulipokwisha ikabaki kuosha, na dini yao inasema mara saba, na mara moja iwe kwa udongo. Mara saba! Mashua nzima, kiangazi, maji ya mgao! Nahodha mwenyewe hakuomba. Alikaa akitazama ndoo yake moja. Lakini wanawake wa Msamala tunajua kuweka akiba. Mwenye dumu alileta dumu, mwenye pipa alifungua pipa. Yule mama aliyemshitaki kwa uchawi alikuja amebeba beseni kichwani, akamwaga bila kumtazama Nahodha, akasema kwa mashua, "Na wewe salamu zako zimezidi." Udongo wetu mwekundu ukaacha rangi, na mashua ikatoka imeiva kama tofali.

Ili tuoshe chini ilibidi tusogeze magogo. Na pale ilipokuwa imelalia gogo miaka yote, panapokusanyika maji ya kila asubuhi, Kastori akapitisha kipande cha panga, kikazama. Kikaingia mpaka ndani. Akakichomoa na unga wa ubao. "Nahodha," akaita, hana utani tena. "Njoo uone. Sikuvunja mimi. Naapa sikuvunja."

Nahodha akapiga magoti, akagonga. Kimya. Akagonga tena. Akakaa chini kwenye tope.

"Hapa sijapagonga," alisema. "Kila kitu nimegonga, hapa sijapagonga. Hapa ndipo tungezamia."

Akamshika Kastori kichwa akakitikisa kama mtu anavyofanya kwa mdogo wake. Lakini uso wake ulikuwa umeanguka. "Inataka mninga mkavu, wa miaka. Mbichi utajikunja. Mkavu nitaupata wapi leo? Lori litaondoka bila sisi."

"Mimi nina mninga mkavu kabisa!" Kastori akaruka. "Mnene, mzuri, una miaka kumi na..."

"Uko wapi?"

"Kwenye banda la..."

"Kastori," tulisema wote.

Mama Zaituni akatoka. Hana fimbo. Akaja mpaka kwenye mashua, akaweka mkono ubavuni pale anapoweka kila jioni. "Baba Zaituni," alisema, "ni ubao mmoja. Mmoja. Ukisema bado leo, mwambie mtoto wewe mwenyewe, mimi simu hiyo sipokei."

Mzee akatazama ardhi. Mimi nikasema, ngojeni. Nikaruka ukuta, ndiyo, na miaka yangu, nikaingia ndani kwangu nikatoa godoro. Kitanda changu alikitengeneza mume wangu mwenyewe mwaka tuliofunga ndoa, mninga mtupu, na mfumbati wake, ule ubao mrefu wa ubavuni, mtu mmoja haunyanyui. Nimezaa juu yake watoto saba. Nikaita wanaume wawili tukaung'oa.

Nahodha akaupokea. Akaugonga. Ukalia safi mpaka kuku wakainua vichwa.

"Mtani," aliniambia, "utalala wapi?"

"Chini. Sakafu inanijua tangu sijaolewa. Kata, acha maneno."

Aliukata jioni ile, akaupigilia, akashindilia pamba. Safari hii Nahodha alikwenda mwenyewe kumwona ng'ombe akichinjwa, na mafuta Kastori aliyalipia na kuyachemsha huku Nahodha amesimama juu yake kama askari. Jumamosi lori lilipofika mashua bado ilikuwa mbichi ya deheni, aliyeigusa alibaki na mkono mweupe. Wanaume thelathini waliiinua. Kamba yangu ya nguo tuliisahau, ikaondoka na shuka moja na sidiria ya mjukuu wangu mpaka kona ya barabara.

Nahodha akapanda mbele na dereva. Mtu anakwenda kuvuka bahari, na alichomwomba dereva ni kimoja: "Kwenye milima, mwanangu, taratibu."

Tulimwona Mama Zaituni amesimama pale palipokuwa na mashua. Hakuna cha kushika. Akasimama hivyo hivyo, halafu akatembea mwenyewe mpaka mlangoni.

Wiki zile sitazisema sana. Alikuwa analala kwangu, sakafuni pamoja nami, wazee wawili na mkeka. Simu tuliiweka katikati yetu kama mtoto mchanga. Zaituni alipopiga alisema neno moja tu, "Amefika," mama yake akaitupa simu akaanza kunipiga mgongoni, nami nikampiga wa kwake, tukapigana pale mpaka jirani akaja kuamua.

Nahodha alirudi kwa ndege mpaka Dar es Salaam, kwa basi mpaka hapa. Kwaresima ilikuwa imeanza, mvua inanyesha, nikampelekea likolo, mboga yetu ya majani ya maboga. Nikamkuta kibarazani, miguu kwenye beseni la maji moto, amekonda, mweusi kama mkaa. Mtaa mzima ulishampitia kutaka habari za mawimbi, na wote aliwaambia yalikuwa mawimbi. Nikakaa kwenye kigoda.

"Shikamoo yangu iko wapi?" nikamtania.

"Wewe ndiye unisalimie, mimi nimetoka ng'ambo."

"Haya. Mimi sitaki mawimbi. Niambie ulivyofika."

Akasugua mguu mmoja kwa mwingine majini. "Mabaharia walitaka tupige kelele tukikaribia, tushangilie. Nikawakataza. Nilitaka nimwone kabla hajaniona. Maana miaka yote hiyo, mtani, nilikuwa nawaza, atakaponiona atashangaa. Atasema, Sikuamini kama utakuja. Mimi nilikuwa na haya ya hilo neno tu. Sikuamini."

"Akasema?"

"Alikuwa ufukweni anafua, watoto pembeni. Akainua kichwa. Akaiona mashua, akaniona mimi. Akakamua nguo aliyokuwa nayo mkononi, akaiweka kwenye beseni, akafuta mikono." Nahodha akaanza kucheka, mabega yanatikisika, maji ya beseni yanamwagika. "Akasema, Baba, umechelewa, wali umeshapoa. Basi! Kama nimetoka sokoni! Alikuwa amenipikia, mtani. Mumewe aliniambia baadaye, tangu aliposikia tumeondoka Mtwara kila siku alikuwa anapika sahani moja zaidi."

Akacheka mpaka akalia, akajifuta kwa ncha ya koti.

"Ukala?" nikamwuliza.

"Baridi vilevile. Nikamaliza wote."

Ndani, sufuria ikafunikuliwa. Sauti ya Mama Zaituni ikatoka, "Baba Zaituni, na hapa chakula kinapoa!" Nahodha akatoa miguu majini upesi, hata hakuikausha, akaingia ndani akiacha nyayo zimelowa kibarazani.